Mji wa Kikristo wa mwaka 2125: kwa nini vijana wangu wote wamechora geti?

MwalimuWaKipaimara aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Ninafundisha darasa la kipaimara katika usharika mmoja wa nyanda za juu kusini. Mwezi uliopita, baada ya kusoma Isaya 65 na Ufunuo 21, sura zinazosimulia Yerusalemu mpya, niliwapa vijana kazi ambayo nilidhani ingewapumzisha akili kabla ya mtihani. Niliwagawa katika makundi manne, kila kundi nikalipa karatasi ya manila na makapeni ya rangi, nikawaambia wachore mji wa Kikristo wa mwaka 2125, mji ambamo kila mtu anaishi kwa Injili na hakuna anayevunja amri kwa sababu hakuna anayetamani kuivunja. Niliwaambia wasihesabu gharama, wasiombe kibali cha serikali, wala wasiniogope mimi.

Walichora kwa saa moja na nusu, na mengine yalinifurahisha sana. Kundi la kwanza liliweka hospitali isiyo na dirisha la malipo. Kundi la tatu liliandika juu ya mlango wa kila nyumba majina mawili, la mume na la mke, kwa sababu, walivyonieleza, katika mji huo hakuna mjane atakayetolewa nyumbani na ndugu wa marehemu mumewe. Lakini nilipozibandika karatasi zote nne ukutani, niliona jambo ambalo sikulitarajia. Kila mji ulikuwa umezungushiwa ukuta, kila ukuta ulikuwa na geti moja, na kwenye kila geti alikuwapo mlinzi. Kundi la nne liliongeza vipande vya chupa juu ya ukuta, vikiwa vimechorwa kimoja kimoja kwa rangi ya kijani, kwa uangalifu ambao hawakuutumia hata kwenye msalaba wa kanisa lao.

Niliwauliza mlinzi huyo anazuia nini, ikiwa mji mzima hauna mwizi. Kijana mmoja akajibu bila kusita, "Wale wa nje, Mwalimu." Nikauliza huko nje wapo akina nani. Wakatazamana, kengele ya kumaliza kipindi ikalia, nasi tukaagana.

Tangu siku hiyo sina raha na jibu lile. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Je, wapo watu waliowahi kujenga kweli mji wa namna hiyo, au kujaribu tu? Na kama wapo, geti lao lilikuwaje? Nataka nirudi darasani na jambo lililotokea, kwa maana mawaidha wameshayasikia mengi.

MzaliwaWaKengeleni alijibu:

Mwalimu, pokea salamu kutoka Mombasa. Walijaribu hapa hapa kwetu, na kengele yao ingali imesimama. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni. Kituo cha Kengeleni nilikipita kila siku nikienda shule, na kwa miaka mingi nilidhani ni jina tu kama mengine, hadi mzee mmoja wa kanisa aliponisimamisha chini ya ile kengele akanieleza kwamba iligongwa kuwaonya watu walipoonekana wateka watumwa.

Mji wenyewe ni Freretown. Mkataba wa 1873, ambao ulimlazimisha Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Unguja, uliacha swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: watu wanaookolewa na manowari za Waingereza kutoka kwenye majahazi washushwe wapi? Shirika la misheni la Kianglikana, CMS, lilipata ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kuanzia 1875 waliookolewa wakaanza kupelekwa pale. Mji ukapewa jina la Sir Bartle Frere, yule aliyetumwa Unguja kuudai mkataba. Wakatoliki walikuwa wametangulia Bagamoyo mwaka 1868, ambako watoto waliokombolewa walilelewa na kufundishwa kazi za mikono, kisha wakaozeshwa wao kwa wao na kupewa kibanda na kipande cha shamba. Wazo lilikuwa moja: watu walioondolewa katika kila kitu walichokijua waanze upya kama taifa dogo la Kikristo, na kutoka kwao Injili isambae barani.

Usifikiri kwamba wajenzi wa Freretown walikuwa Wazungu peke yao. Kazi kubwa ya mwanzo ilifanywa na Waafrika waliokuwa wametekwa utotoni, wakaokolewa baharini, wakalelewa Nasik, katika jimbo la Bombay huko India, na ndiyo maana wakaitwa Waafrika wa Bombay. Walikuwa wahunzi, maseremala, makatekista na wakalimani. Mmoja wao, William Jones, baadaye alipata upadri wa Kianglikana. Watu hawa walikuwa na ndoto yao wenyewe ya mji huo, na haikuwa lazima ifanane na ya wakubwa wao.

Ndani ya mji mambo hayakuwa mepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko ya watu kupigwa viboko na kufungwa na wasimamizi wa misheni yalikuwa makubwa kiasi cha kuchunguzwa na maofisa wa serikali ya Uingereza. Lakini wewe umeuliza habari za geti, na hapo ndipo kuna kisa ambacho ningependa vijana wako wakisikie.

Utumwa wenyewe, kwa sheria ya pwani ya wakati ule, haukuwa umekatazwa. Ulikuja kuondolewa mwaka 1907. Kwa hiyo mtu aliyeokolewa na manowari katikati ya bahari alihesabiwa kuwa huru, lakini mtu aliyetoroka kwa miguu yake kutoka shamba la bwana wake, akapita vichakani usiku kucha, akafika asubuhi kwenye misheni, alihesabiwa kuwa mali ya mtu. Wamisionari walitakiwa wasimpokee, na wenye watumwa walitishia kuivamia Freretown kwa sababu ya watoro hao. Hebu litazame jambo hilo, Mwalimu. Mji uliojengwa kwa ajili ya waliokombolewa ulitakiwa kumfungia mlango mtu aliyejikomboa mwenyewe.

Baadhi waliufunga. Wengine waliuacha wazi kimyakimya, hasa katika kituo cha misheni cha Rabai, bara kidogo ya Mombasa, ambako William Jones alikuwa na wadhifa. Mambo yalipofumuka mwaka 1888, ilionekana kwamba katika vituo vya misheni walikuwapo watoro zaidi ya 1,400, wengi wao wakiwa wamekwisha kulima, kuoa na kubatizwa. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliwalipa fidia waliodai kuwa mabwana wa watoro hao, na siku ya kwanza ya mwaka 1889 hati za uhuru zikagawiwa Rabai.

Ulikuwapo pia mji wa tatu, ambao vitabu vya shule huusahau. Bara zaidi, Fuladoyo, Wakristo wa Kigiriama walianzisha makazi yao bila mmisionari wa kukaa nao, na watoro wakawa wanapokelewa humo. Kiongozi wao, David Koi, alikamatwa akauawa mwaka 1883. Fuladoyo haikuwa na manowari ya kuilinda, na labda kwa sababu hiyo hiyo haikuwa na mtu wa kuiagiza nani apokewe na nani arudishwe.

MsomaUfunuo alijibu:

Nimesoma kwa makini, na kisa cha Rabai kimenigusa. Hata hivyo, Mwalimu, naomba niwatetee vijana wako, kwa sababu kwa kipimo cha Maandiko hawakukosea kama unavyodhani. Mji wa Ufunuo 21 una ukuta, na Yohana anasema ni mkubwa, mrefu. Una malango 12, na kwenye malango hayo wapo malaika 12. Kwa hiyo ukuta wanao, geti wanalo, ingawa wamepunguza 11, na mlinzi wanaye. Wakikuuliza walikosea wapi, utawajibu nini?

Mimi ningewapeleka kwenye vipimo. Mji una urefu wa stadio 12,000, na upana huo huo, na kwenda juu huko huko. Stadio moja ni kama meta 185, kwa hiyo kila upande una kilometa zipatazo 2,200, ambazo ni kama kwenda Kigoma kwa ndege kutoka Dar es Salaam na kurudi siku hiyo hiyo. Ukuta wake ukapimwa, ukawa dhiraa 144, yaani kama meta 65. Yohana hasemi kama ni urefu au unene. Ikiwa ni urefu, basi mji umeupita ukuta wake kiasi kwamba anayeutazama kutoka mbali hatauona ukuta kabisa. Ukuta wa namna hiyo haumzuii mtu. Ni kama kizingiti cha mlango, kinachokuonyesha kwamba sasa unaingia mahali penye heshima yake.

Kisha liangalieni umbo. Katika Biblia nzima kipo chumba kimoja kingine ambacho urefu, upana na kimo chake ni sawasawa, nacho ni Patakatifu pa Patakatifu katika hekalu la Sulemani, dhiraa 20 kila upande, kama ilivyoandikwa katika 1 Wafalme 6. Chumba kile aliingia kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka. Yohana anakichukua chumba hicho anakitanua hadi kinakuwa mji, anaweka malango pande zote nne za dunia, kisha anasema kwamba malango hayafungwi mchana, na usiku haupo. Ndiyo sababu hakuliona hekalu mle ndani: mji wote umekuwa chumba kile cha ndani kabisa. Vijana wako wote, kama nimekuelewa, wamechora kanisa. Hilo, kwangu, ni kosa kubwa kuliko geti.

Ni kweli, sura hiyo hiyo inasema hakitaingia kilicho kinyonge, yaani kilicho najisi, na sura ya 22 inawataja walio nje. Aya hizo hazifutiki, na mwalimu anayezificha hawatendei haki wanafunzi wake. Lakini anayezitekeleza ni Mungu mwenyewe mwisho wa mambo yote. Hatari huanza mtu anapozitekeleza yeye, leo, kwa orodha aliyoiandika mwenyewe. Mwaka 1534, katika mji wa Münster huko Ujerumani, watu waliokuwa na hakika kwamba Yerusalemu Mpya umeshuka kwao waliwafukuza mwezi Februari, katika theluji, wote waliokataa kubatizwa upya. Mali ikawa ya wote kwa pamoja, fedha ikapigwa marufuku, kisha Jan van Leiden akajitangaza mfalme na kuoa wake wengi, huku watu wakifa njaa kwa kuzingirwa. Mji ulianguka Juni 1535. Vizimba vitatu vya chuma vilivyowekwa maiti za viongozi wao vinaning'inia hadi leo kwenye mnara wa kanisa la Mtakatifu Lambert.

Si wakali peke yao waliojenga geti. Mchungaji mmoja Mlutheri, Johann Valentin Andreae, alichapisha mwaka 1619 kitabu kuhusu mji wa Kikristo wa kubuni uitwao Christianopolis, kwenye kisiwa, wenye watu kama 400, mafundi wanaosoma na kusali. Alikuwa mpole, mwenye kupenda elimu. Hata hivyo, msafiri anayefika pale hawezi kuingia kabla ya kuhojiwa na wakaguzi watatu, mmoja baada ya mwingine. Nadhani Andreae hakuliona hilo kuwa jambo la ajabu, kama vile vijana wako walivyochora chupa bila kujiuliza.

Kwa upande wangu nimesimama na Agostino, askofu wa kale wa Afrika ya Kaskazini, aliyeandika baada ya Roma kutekwa mwaka 410 kwamba mji wa Mungu na mji wa dunia vimechanganyika hadi mwisho, na hakuna anayeweza kupitisha mpaka kati yake. Mji tunaongoja kuupokea hatuwezi kuuchorea ramani.

MamaWaUmoja alijibu:

Ndugu zangu, mimi si msomi, ila nina miaka 30 katika umoja wa wanawake wa kanisa letu, na hapa mimi nakataa. MsomaUfunuo, kaka yangu, ukisema hatuwezi kuchora ramani, maana yake ni kwamba kila kitu kibaki kilipo, na anayebaki jikoni namjua.

Mwalimu, katika karatasi zile nne, jiko liko wapi? Umetutajia hospitali, kanisa, majina ya mume na mke juu ya mlango, jambo ambalo kwa kweli limenitoa machozi, kwa sababu nimewasindikiza wajane watatu kwenye baraza la kata. Hukutaja jiko. Kila sikukuu ya mavuno tunaamka saa tisa usiku kubandika masufuria, na mahubiri tunayasikia kwa spika ya nje huku tunamenya viazi. Hakuna aliyepanga tusiingie ibadani. Hapakuhitajika geti wala mlinzi, moshi ulitosha.

Fungueni Matendo ya Mitume. Katika sura ya 2 na ya 4 waumini wana vitu vyote shirika, na hakuna miongoni mwao mwenye mahitaji. Watu hupenda kuishia hapo. Sura ya 6 inasema wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, yaani chakula. Jumuiya iliyokaribia kuwa kamilifu kuliko zote iliingia ufa kwenye foleni ya sahani, na ufa wenyewe ulifuata lugha. Nao hawakusema tungoje mbinguni. Walichagua watu saba, na majina yote saba yaliyoandikwa ni ya Kiyunani. Kwa hiyo naona walikabidhi ugawaji kwa upande ule uliokuwa unalalamika. Hiyo nayo ni ramani, na ilichorwa na mitume.

Mama yangu aliishi katika kijiji cha ujamaa. Alikuwa na mashamba matatu: la kijiji, la nyumbani, na lile ambalo halina jembe, yaani maji, kuni na watoto. Wanaume walipokaa chini ya mwembe kujadili usawa, alikuwa amekwenda kisimani. Sisemi hivyo kudharau nia ya Azimio la Arusha, ambayo hata makanisani ilihubiriwa kwa Matendo 2. Ninaomba tu kwamba anayechora mji wa 2125 aanze na kisima na jiko, aandike nani yupo zamu, kisha ndipo apande juu kwenye mnara.

MtokaMoba alijibu:

Ninawasalimu kutoka Lubumbashi. Nyumbani kwetu ni Moba, kando ya Ziwa Tanganyika, na ninaona mmetaja miji ya pwani bila kujua kwamba kwetu walitaka kitu kikubwa kuliko mji. Walitaka ufalme.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la wamisionari Wakatoliki liitwalo Mapadri Weupe, alikuwa na wazo la ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, wenye mfalme Mkristo na askari wake, ambao ungezuia biashara ya watumwa na kuwa kimbilio. Mwaka 1885 mapadri walikabidhiwa kituo cha Mpala, kilichokuwa kimejengwa miaka miwili kabla na Kapteni Storms wa Shirika la Kimataifa la Afrika, lililoanzishwa na mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kisha mwaka 1887 akaja Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa. Nawaomba mlitazame hilo: Joubert alikuwa amepigania dola ya Papa kule Italia, dola hiyo ikaanguka mwaka 1870, na sasa akavuka ziwa letu kuijenga nyingine. Alikaa Mrumbi, akafundisha vijana kutumia bunduki, akapigana na wateka watumwa, akaamua mashauri ya watu. Alimwoa mwanamke wa hapa, akabaki, akafa mwaka 1927 akiwa mzee kipofu au karibu kipofu, na hadi leo wazee wanamtaja kwa heshima kubwa.

Bibi yangu alikuwa akisema kwamba watu hawakwenda misheni kutafuta dini kwanza. Walikwenda kutafuta ukuta. Kijiji kikishachomwa usiku, huna muda wa kuuliza kama mwenye boma anaamini Utatu Mtakatifu. Kwa hiyo, Mwalimu, usiwacheke vijana wako kwa sababu ya ukuta. Yupo aliyeokoka kwa sababu ulikuwapo, na mimi ni mjukuu wake. Shida ilikuja baadaye, watekaji walipokwisha kuondoka, na watu wakakuta kwamba yule aliyewafungulia geti ndiye sasa mwenye hukumu, kodi na kazi ya lazima, na yule asiyetaka kufuata kanuni za misheni alitakiwa kuhama.

Ufalme haukutimia, kwa kuwa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II haikupenda dola nyingine ndani yake. Lakini katika mazingira hayo hayo alitoka Stefano Kaoze, aliyepata upadri Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, mwaka 1917, Mkongo wa kwanza katika wakati wetu. Na ng'ambo ya ziwa, Karema, upande wa Tanzania, aliishi Adriano Atiman, mtoto aliyeuzwa utumwani huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889, akatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Lavigerie alimsomesha awe tofali moja katika jengo la ufalme. Jengo halikusimama, naye akaendelea kufunga vidonda kwa miaka zaidi ya 60. Sijui tuuite mji huo wa namna gani.

JiraniMwislamu aliuliza:

Assalamu alaykum. Samahani kwa kuingia katika mazungumzo yasiyo yangu. Nimeyasoma yote kwa hamu, na nina swali fupi, nalo naliuliza bila ugomvi. Katika mji wenu wa 2125 mimi nitakuwa wapi? Nitakuwa nimesilimu kwenu, nimehama, au ndiye yule wa nje aliyetajwa na kijana?

MzaliwaWaKengeleni alijibu:

Wa alaykum salaam, jirani. Swali lako halihitaji samahani.

Kwa Freretown ninaweza kukujibu kwa macho. Ule mji wa 1875 umemezwa na Mombasa. Kengele imesimama pembeni ya barabara, matatu zinapakia karibu yake, na makondakta wanaliita jina lake kuanzia alfajiri bila kufikiria watumwa wala misheni. Adhana inasikika pale pale. Katika ukoo wetu, babu wa babu alishushwa hapo na manowari, na wajukuu wake wamegawanyika, wengine wanakwenda kanisa la Emmanuel na wengine msikitini, na kwenye matanga tunapika sufuria moja. Kwa hiyo unakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, na maji yakikatika tunapanga foleni moja.

Kwa ule wa Ufunuo, nitakuambia ninachokisoma na sitajifanya ninajua zaidi: mataifa yanaingia kwa malango yale wakileta fahari yao, na majani ya ule mti ni ya kuwaponya mataifa. Haisemi walisilimu getini. Naona MsomaUfunuo atanikemea kwa hilo, na anayo haki.

MsomaUfunuo alijibu:

Sikukemei. Nitakukumbusha tu kwamba aya ya 27, ile ya kilicho kinyonge, inafuata ya 24 na ya 26, zile za mataifa, katika ukurasa ule ule, na kwamba sijawahi kuona mtu aliyezisoma zote tatu kwa pamoja akabaki na jibu jepesi. Mama, kuhusu majina ya wale saba, nimekubali nimeshindwa.

MwalimuWaKipaimara aliandika:

Ninawashukuru nyote, na nimerudi kuwapa habari.

Jumapili iliyopita niliwasomea vijana kisa cha watoro wa Rabai, na kile cha bibi wa ndugu yetu wa Moba, nikaweka vipimo vya ule mji ubaoni, kisha nikagawa karatasi mpya. Safari hii walibishana kuliko walivyochora. Kundi la kwanza liliweka malango 12 na kuondoa kanisa, jambo ambalo limenipatia maswali kutoka kwa mzee mmoja wa usharika aliyepita dirishani. Kundi la pili limeanza na jiko, Mama, na limeandika zamu kwa wiki nzima. Siku ya Jumatano na ya Jumamosi ni za wachungaji. Kundi la tatu limebakiza uzio, lakini limeandika kando yake kwa herufi kubwa kwamba ni wa mbuzi.

Kundi la nne, wale wa chupa, walichelewa. Walikuwa wamefuta ukuta wote wakabaki na yule mlinzi peke yake, amesimama katikati ya karatasi na kirungu chake, pasipo na kitu cha kulinda. Nikawauliza kwa nini hawakumfuta na yeye. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi darasani, akasema kwamba baba yake ni mlinzi wa usiku katika nyumba moja ya mjini, anaondoka nyumbani saa kumi na moja jioni, anarudi wao wakienda shule, na kwamba hawezi kumfuta kabla ya kujua atafanya kazi gani katika mji usio na geti. Wenzake wakanyamaza. Mwishowe wakamnyang'anya yule mtu kirungu, wakamchorea kitanda, wakamlaza, na pembeni ya kitanda wakamweka binti yake amekaa.

Hapo ndipo kijana mwingine aliposimama akasema kwamba Ufunuo unasema usiku haupo, kwa hiyo baba huyo hawezi kulala. Binti akamjibu kwamba amekesha miaka tisa na anastahili kulala hata kama ni mchana. Tumeliacha hapo hadi Jumapili ijayo. Ndugu MsomaUfunuo, mahali pasipo na usiku, watu wanalala?